Muulize Shangazi: Fuvu Jeupe Chumbani kwa Binti Yangu

Swali: Shangazi, shikamoo. Neno "Chicana" nimelikuta kwenye maonyesho ya picha nikadhani ni kabila. Je, ni Wameksiko au la? *Msomaji, Tanga*

Shangazi: Marahaba. Si kabila. Ni mwanamke wa asili ya Meksiko aliyezaliwa au kukulia Marekani. Mwanamume ni Chicano. Wengine wa asili hiyo hiyo hawalitaki jina hili, kwa sababu zamani lilikuwa tusi la kumtupia maskini. Miaka ya 1960 vijana waliliokota tusi lenyewe wakajiita kwalo makusudi, wakawafunga midomo waliokuwa wakilitupa. Tena usidhani wote ni wahamiaji. Mwaka 1848, baada ya kushindwa vitani, Meksiko ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake, California ikiwemo, na kuna watu waliojikuta Marekani bila kutoka nyumbani kwao. Husema: hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka. Wewe wa Tanga mwenye ndugu Vanga, upande wa Kenya, huhitaji kuelezwa zaidi.

Swali: Shangazi, nina binti wa miaka 20, nilikuja naye Marekani akiwa na minne. Sasa anasoma Los Angeles, chumba kimoja na msichana wa Kichicana. Kila nikimpigia video naona nyuma yake mishumaa, maua ya manjano na fuvu jeupe lililopambwa. Juzi ameniambia mwanamke fulani "amewasafisha" kwa yai. Yai, Shangazi! Sasa anataka nimtumie picha ya marehemu mama yangu wa Likoni na leso yake. Nimekataa. Na huyu ni mtoto asiyenijibu ila kwa Kiingereza, eti Kiswahili chake kinamtia haya. Ndio ameshaingizwa uchawini? *Mama mwenye wasiwasi, Houston*

Shangazi: Mdogo wangu, fuvu hilo ni la sukari. Ikifika Oktoba huku yamejaa madukani, na watoto huyalamba.

Nimekaa Boyle Heights, mashariki mwa Los Angeles, miaka 21, na tisa kati ya hiyo nilimtunza bibi mmoja wa Kichicana nyumbani kwake. Nilimwita Doña, yaani Bibi kwa heshima ya Kihispania, basi. Oktoba yangu ya kwanza pale aliniambia niondoe kila kitu juu ya cherehani yake. Tukatandika kitambaa, tukaweka glasi ya maji, chumvi, mkate, mishumaa, maua yale ya manjano na picha ya mama yake. Halafu akanipa chupa ya bia aliyopenda marehemu mumewe, niifungue. Nikamwambia hiyo, Doña, utaifungua mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Meza hiyo huitwa ofrenda. Tarehe 1 na 2 Novemba wafu hukumbukwa kwa majina na kwa vyakula walivyovipenda. Kama hiyo inafaa kwa Mwislamu au la, muulize sheikh, mimi si mufti. Lakini uchawi sikuuona pale.

Sikiliza sasa jambo ambalo nadhani ndilo linalomvuta binti yako. Wengi wa wanawake hawa hawakurithi hayo moja kwa moja. Wamejifunza upya. Doña alikulia Texas, na shuleni alichapwa rula kwenye vidole kwa kosa la kusema Kihispania. Alininyooshea mkono, kovu halikuwepo, alinionyesha tu mahali. Gloria Anzaldúa, mwandishi wa huko huko Texas, naye aliandika mwaka 1987 jinsi alivyopigwa rula kwa kosa lilo hilo. Sisi tuliovishwa kibao shingoni shule ya msingi kwa kusema lugha ya nyumbani tunaijua aibu hiyo. Doña alizaa watoto watano akawalea kwa Kiingereza, wasije wakapigwa. Wajukuu wakaenda Meksiko likizo wakaitwa "pocha", yaani wewe si wa huku wala si wa kule. Unasikia binti yako humo?

Ndipo sanaa ikaingia. Mapema miaka ya 1970, mtawa Mfransiska, Karen Boccalero, pamoja na wasanii wa mtaa walianzisha Self Help Graphics, karakana ya kuchapa picha mashariki mwa Los Angeles, na ni hapo ofrenda zilipotoka vyumbani zikawa sherehe ya barabarani. Mjukuu mmoja wa Doña alijifunza kuchapa hapo akiwa na umri wa binti yako. Kihispania kilimjia baadaye, mikono ikiwa na rangi.

Ukutani kwa Doña kulikuwa na nakala ya mchoro wa Yolanda López wa mwaka 1978. López alijichora kama Bikira wa Guadalupe, yaani Bikira Maria wa Wameksiko mwenye joho la nyota, miguuni viatu vya michezo, anakimbia. Akamchora bibi yake. Akamchora mama yake naye, mwanamke mnene wa miwani, ameinamia cherehani anashona lile joho la nyota. Hiyo ya mama ndiyo Doña aliyokuwa nayo. Doña naye alishona nguo kiwandani miaka 30. Kila nilipopangusa vumbi kwenye kioo chake aliniambia, "Polepole, huyo ni mimi."

Kuhusu yai. Nimeiona mara mbili, sikufanyiwa. Yai bichi hupitishwa mwilini bila kupasuliwa, kichwani hadi miguuni, kisha huvunjwa ndani ya glasi ya maji na kuangaliwa. Hufukizwa copal, utomvu unaonukia kama sandarusi yetu. Hata wafanyabiashara wa zamani waliita sandarusi ya Zanzibar jina hilo hilo, na neno ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa kale wa Meksiko. Wewe ukiwasha chetezo Alhamisi jioni, jirani yako wa Houston anasemaje? Ila mwambie binti: anayedai mamia ya dola kukuondolea laana ni tapeli, na anayeumwa aende hospitali.

Hospitali nayo ina kisa chake. Miaka ya 1970 wanawake wa asili ya Meksiko walifungwa uzazi katika hospitali ya umma hapa Los Angeles, wengine wakitia saini fomu za Kiingereza huku uchungu umewabana. Kumi walishitaki. Mwaka 1978 jaji aliwapa haki madaktari. Kaunti iliomba radhi 2018, miaka 40 baadaye. Kwa hiyo nikisikia watu wanadharau wanawake hawa kwa kusema sana "uponyaji", mimi hunyamaza. Kinachoniudhi ni maduka makubwa yanayouza vinyago vya mafuvu na kuita utamaduni.

Mtoto aliyekuomba picha ya bibi yake hajapotea. Mtumie. Leso huwa jozi: mtumie moja, ya pili ubaki nayo. Na kabla hujaifunga kwenye bahasha, mpigie simu umsomee jina la bibi yake, kwa Kiswahili, polepole, umwambie alirudie. Akikosea usimcheke.