Mwelekeze mtu kwa njia iliyokwisha kupitwa

Masika ya mwaka juzi kijana wetu mpya wa bodaboda alinipigia simu saa 12 jioni. "Dada, ramani inasema nimefika, lakini mbele yangu kuna mtaro na mteja yuko ng'ambo ananipungia mkono." Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga mtungi wa gesi wa kilo 15. Kati yake na yule mama palikuwa na mita 40 hivi, lakini mtaro ulikuwa umejaa na kivuko chake ni ubao wa kupita mtu mmoja. Ikabidi arudi hadi barabara ya lami, azunguke. Aliyeniumiza zaidi ni dereva wetu mkongwe, kwa sababu nyumba ileile alikuwa ameshaifikia mara nyingi mno bila kuuliza mtu. Njia tulikuwa nayo siku zote, ila ilikaa kichwani mwake peke yake.

Tangu siku hiyo maelekezo yetu ya Tandale, Manzese na Mburahati tunayaandika kutokana na safari ambazo madereva wetu wamezipita kweli. Kama unasambaza gesi, maji au vifurushi, nakushauri ufanye hivyo.

Simu ya kawaida inatosha. Sisi tunatumia OsmAnd, programu ya ramani ya simu, ambayo hurekodi safari hata bila intaneti na kuihifadhi kwenye faili la GPX, yaani mfululizo wa nukta, kila moja na mahali pake na saa yake. Mwanzoni tuliiweka irekodi kila baada ya sekunde 10 ili kuokoa chaji, na tukaharibu kazi ya wiki nzima. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde, kwa hiyo baina ya nukta na nukta tulikuwa tunaruka mita 100. Uswahilini, ndani ya mita 100 unaweza kupita vichochoro vinne. Weka sekunde 1 au 2. Pia ondoa programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa ili kuokoa betri, la sivyo kioo kikizima tu, kurekodi kunakoma.

Usiamini safari moja. Kwenye kuta zilizobanana nukta huyumba, nyingine hukaa juu ya paa la mtu. Chukua safari tatu au nne, uziweke zote juu ya ramani moja: mistari inapolaliana ndipo njia ilipo. Dereva akisimama kupiga stori, nukta hurundikana kama kichuguu, hizo kata. Mwenye safari mamia atahitaji kompyuta imsaidie. Mwaka 2009 Paul Newson na John Krumm wa Microsoft walieleza namna nzuri ya kufanya hivyo: badala ya kuibandika kila nukta kwenye barabara iliyo karibu nayo, kompyuta hupima ni mfululizo upi wa barabara ambao chombo kingeweza kuufuata kweli. Valhalla na OSRM ni programu huria zinazofanya kazi hiyo. Lakini kichochoro lazima kiwe kimechorwa kwanza kwenye ramani. Hapa Dar es Salaam tuna bahati, kwa sababu tangu 2015 wanafunzi na wakazi wa mitaa waliingiza vichochoro vingi kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, kupitia mradi wa Ramani Huria.

Kazi yenyewe hasa ni kuugeuza mstari kuwa maneno. Programu ikiona njia imejipinda husema "kata kulia", hata kama huna pa kwenda kwingine. Wewe sema tu pale mtu anapoweza kukosea. Maelekezo yetu ya kwanza yalikuwa na sentensi 19, tukayapunguza yakabaki 6. Tumia maneno ya madereva wako: wakisema kipilefti, andika kipilefti. Na alama unayoitaja ionekane kabla ya kona. Kumwambia mtu akate kushoto penye mwembe ambao hauonekani mpaka auache nyuma ni kumpoteza. Banda la chipsi nililifuta kwenye maelekezo yote, maana asubuhi halipo. Rangi za maduka nazo hubadilika. Transfoma, kalvati na mnara wa msikiti hukaa.

Kwenda na kurudi ni safari mbili, zirekodi mbalimbali. Barabara ya Morogoro ina njia za mwendokasi katikati, huwezi kuvuka popote utakapo. Kila faili tunaliandikia chombo, mzigo na mwezi. Njia ya Januari haimfai mtu wa Aprili, hasa safari ikipita Jangwani, ambako Mto Msimbazi ukifurika barabara hufungwa.

Ukiona dereva amezunguka, usiinyooshe njia yake kabla hujamuuliza. Madereva wetu wote watatu walikuwa wanakiacha kichochoro kimoja kifupi mchana, na mimi nilidhani ni mazoea. Kumbe saa hizo watoto wa shule ya msingi wanatoka, wanajaa pale ukuta hadi ukuta. Ningewalazimisha wapite, ningekuja kulia. Lakini mzunguko mwingine ulikuwa ni wa kupitia chai, na huo niliuondoa.

Waombe madereva ruhusa kabla ya kurekodi. Na kabla ya kumpa mtu mwingine faili, kata mwanzo na mwisho wake, kwa sababu linaonyesha mlango wa mteja na saa dereva anayotoka kwake.

Ukishaandika, mpe mtu asiyeijua njia, umfuate kwa nyuma bila kusema neno. Anapopunguza mwendo na kugeuza shingo, hapo pana sentensi inayokosekana. Maelekezo ya yule mama wa ng'ambo ya mtaro tuliyajaribu hivyo mara tatu. Sentensi ya tatu iliongezwa baada ya kijana wetu kupita kona kwa mara nyingine: "Ukiuona mtaro mbele yako, umepitiliza, rudi mpaka kwenye transfoma, uingie kulia."