Boti ya alumini kwa uvuvi wa Naivasha

Ndugu, umeeleza kwamba unaishi Nairobi, unavua Naivasha mwishoni mwa wiki pamoja na wanao wawili, na unasita kati ya boti ya alumini yenye tumbo bapa, ambayo ni nafuu, na ile yenye tumbo lililochongoka, ambayo bei yake imekushtua. Kwa kuwa upepo wa Naivasha huamka alasiri na kuchafua ziwa, ningechagua iliyochongoka, kwani hukata wimbi badala ya kulipiga. Nilitumia ya bapa kwa misimu miwili, nikawa narudi nyumbani na maumivu ya mgongo. Ya bapa hutulia zaidi mnaposimama kuvua, hilo nalikiri, lakini upana wa kutosha hufidia sehemu kubwa ya utulivu huo.

Ukinunua iliyotumika, mwaga maji kiasi ndani ikiwa juu ya trela, utazame kama ribiti, yaani pini zinazounganisha mabati ya boti, zinavuja. Ukiona ufa karibu na mahali pa kufungia injini, mwite fundi mzoefu wa kuchomelea alumini kabla hujalipa chochote. Jaketi okozi za watoto zinunue kwanza, maana viboko wa ziwa lile huibuka karibu bila dalili.