Kabla hujanunua gari ya pili: ushauri kwa wanaoanza kufuga magari ya zamani Unguja

Kila kijana anayekuja uwani kwangu Fuoni kutazama magari ana swali lile lile: nianze na ipi, Morris Minor au Volkswagen Beetle? Namrudishia swali: utailaza wapi? Maana kisiwani kwetu gari kongwe haifi njiani. Hufa nyumbani, imesimama, mwenyewe anasubiri spea au anasubiri hela, na chumvi haimsubiri.

Banda liwe na paa, lisiwe na kuta, au kuta zisifike juu, ili upepo upite. Makuti nayapenda kuliko bati kwa sababu hayatoi jasho alfajiri, ingawa yanaleta panya, na panya na nyaya ndugu zangu mnajua wenyewe. Wengi hufunika gari kwa turubai la plastiki wakidhani wanaisitiri. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unakwama chini ya turubai, na masika ikiisha ukifunua unakuta rangi imefanya malengelenge. Kama kinachokukera ni vumbi, tandaza shuka la pamba. Chini mwaga saruji, au angalau kokoto; gari isilale juu ya udongo mtupu wala majani. Na tafadhali, si chini ya mnazi. Nazi ikidondoka haiulizi boneti ni ya mwaka gani.

Kisha maji. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, yale ambayo sabuni inagoma kutoa povu. Ukioshea gari maji hayo unaisugulia chumvi. Ukiyatia kwenye rejeta yanajenga magamba ndani na kula aluminiamu ya injini, na ukiyatia kwenye betri umeiua. Mvua tunayo ya kutosha: weka pipa chini ya mchirizi wa paa, acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru, ndipo ukinge. Hayo ndiyo ya kuoshea chini ya gari kila unaporudi kutoka njia za ufukweni, na kwenye rejeta yanafaa ukikosa kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Betri inunulie maji yake dukani, si ghali. Mwenye Beetle hana habari za rejeta kwa sababu injini yake inapozwa kwa hewa, lakini belti ikikatika asimame hapo hapo: ndiyo inayozungusha feni ya kupoza injini.

Kutu ina mahali pake pa kuanzia kwa kila gari, na hapo ndipo utazame kabla ya kutoa hata shilingi. Utaambiwa Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni aluminiamu. Bodi sawa, lakini chesisi ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma katika hewa ya bahari, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe kuzunguka bolti. Lala chini na bisibisi kuukuu. Anza nyuma kabisa, kwenye kile kipande cha chesisi kinachobeba ndoano ya kuvutia, gonga kwa mpini ukija mbele taratibu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu, na ukikichoma kwa ncha bisibisi inazama. Kwa Beetle, inua kiti cha nyuma: betri inakaa hapo, na mara nyingi tindikali imeshaila sakafu yake. Hapo hapo tazama kama vyuma vya kiti vinaweza kugusa vichwa vya betri mtu mzito akikaa, maana moto huanzia hapo. Kwa Morris Minor, tazama chini ya milango na pale springi za nyuma zilipofungwa. Ukipata Morris Traveller, ile yenye mbao nyuma, jua kwamba mbao zile si pambo. Ndizo zinazoshikilia bodi, na zikioza unahitaji seremala mzuri kuliko fundi makenika. Hao hapa kwetu hatujawakosa.

Fundi bodi akikwambia atapiga puti tu, mkatalie mpaka chuma kibovu kikatwe na kipya kichomelewe. Puti juu ya kutu inanyonya maji, na baada ya masika mbili unarudi pale pale na hela huna. Kwa chini ya gari wengi wanamwaga oili chafu. Inazuia kutu kidogo, lakini inavimbisha bushi za mpira, na anayelala chini ni wewe, ngozi yako haiitaki. Mimi napaka grisi iliyolainishwa kwa oili safi, kwa brashi, mbali na breki na mipira. Katika hili mafundi wa jahazi wametuzidi: hawangoji mbao ioze, chombo kinapandishwa pwani kwa msimu wake, kinapakwa sifa, yale mafuta ya papa, na shahamu. Gari nayo iwe na msimu, mara moja kabla ya masika na mara moja baada yake.

Sasa, ukiwa na zaidi ya moja. Usifungue magari mawili kwa wakati mmoja. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu ndilo linalowamaliza watu: injini ya Morris imeshushwa, spea haijafika kutoka Uingereza, mtu anaona achezee Peugeot wakati anangoja, na mwaka ukiisha ana vichuguu viwili vya vyuma na nati ambazo hajui ni za nani. Moja iwe inatembea daima. Kila gari iwe na sanduku lake na daftari lake: lini umebadilisha oili, pengo gani umeweka kwenye plagi, waya upi umeuhamisha. Spana nazo zitenganishe. Beetle na Peugeot ni milimita, Morris ni inchi, na Land Rover za zamani zina bolti za vipimo vya Kiingereza ambavyo si hiki wala kile. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza kidogo, na nati iliyokazwa tangu kabla hujazaliwa ikipata huo mchezo inaviringika kona zote. Hapo ni tindo na kilio.

La umeme ni moja tu nitakalolisisitiza. Morris nyingi, na Land Rover za mpaka katikati ya miaka ya 1960, zimefungwa ethi kwenye chanya. Ndiyo, chanya ndiyo inayoenda kwenye bodi. Kijana wa gereji aliyezoea Toyota atageuza betri bila kukuuliza, na redio au alteneta uliyoongeza inaungua papo hapo. Andika kwa rangi nyekundu pembeni ya betri, herufi kubwa.

Petroli yetu haina risasi, kama ilivyo kusini yote ya Sahara tangu 2006. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ilikuwa inalinda viti vya valvu za ekzosi, yaani pale valvu inapokaa ikijifunga. Kwenye kichwa cha injini cha chuma kama cha Morris, kiti kinalika polepole, valvu inazama, na pengo lake, ile nafasi ndogo kati ya valvu na roka inayoisukuma, linapungua mpaka inaacha kufunga vizuri. Dawa si kuuza gari. Pima pengo mara kwa mara, injini ikiwa baridi (Morris ni inchi 0.012), na ukiona linajibana haraka, siku kichwa kikishushwa mwambie fundi mashine atie viti vigumu. Kwa mwendo wetu wa Mjini hadi Bububu, bila kukimbiza, valvu zinavumilia.

Mipira ya mafuta je? Ile ya zamani iliyosukwa uzi kwa nje inaonekana nzima kumbe ndani imekauka. Kwa Beetle mpira huo uko juu ya injini ya moto. Badilisha yote siku ya kwanza, kabla hata hujaipa gari jina.

Breki sasa, na hapa sitaki mzaha. Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani, na hewa yetu ni unyevu mtupu, kwa hiyo silinda zinashika kutu kwa ndani hata gari isipotembea. Yamwage yote na kutia mapya angalau kila baada ya miaka miwili. Raba za silinda usizioshe kwa petroli wala kuzipaka oili ya injini. Zitavimba na breki zitabana au zitakataa kabisa. Zioshe kwa mafuta yale yale ya breki, basi. Ukiingia chini, gari ikae juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake, wala matofali ya saruji, ambayo hupasuka bila kutoa taarifa.

Tukirudi kwenye swali la nianze na ipi: anza na ile ambayo mzee mmoja mtaani kwako anaijua. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, ni gari imara kweli, lakini uimara haukusaidii kama hakuna anayejua kabureta yake. Mafundi waliotuni pointi, zile za kuwasha cheche za plagi, kwa sikio wanazidi kupungua. Mtafute mmoja, mpeleke chai na mandazi, mkalishe kwenye kiti karibu na injini, na kila anachokisema kiandike daftarini kabla hajaondoka. Spea utazitafuta baadaye, mtaa wa Gerezani kule Dar es Salaam au kwa posta.

Na kila gari itoke. Si kuwasha tu uani dakika tano, hiyo inajaza maji kwenye ekzosi na kuchosha betri. Itoke Ijumaa jioni, injini ipate joto kamili, gia zote zipite, breki zikanyagwe sawasawa. Ukirudi, kabla hujaiingiza bandani, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Joto la kushoto na kulia liwe sawa. Moja ikiwa inaunguza, breki yake imeng'ang'ania, na hiyo ndiyo kazi yako ya Jumamosi asubuhi.