Jibu: Kadi imezungushwa digrii 90, seli za mwelekeo wa kichwa hazijafuata
Habari mkuu. Umezungusha digrii 90 kadi nyeupe ya ukutani inayompa panya alama ya mwelekeo, seli zake za mwelekeo wa kichwa (seli za ubongo ambazo kila moja huwaka kichwa kikielekea upande wake) zimebaki na upande uleule, nawe unashuku njia ya kupeleka taarifa za macho ubongoni imekatika. Usikimbilie huko. Kwanza futa sakafu kwa spiriti au ibadilishe, maana harufu ya panya mwenyewe iliyobaki hapo humwelekeza. Ziba pia mwanga wa mlangoni. Mtoe panya kabla hujagusa kadi: akiwa ndani ya uwanja wa jaribio, hisia za mwendo kutoka sikio la ndani zinaweza kushinda macho. Ila usimvuruge kwa kumzungusha kila siku kabla ya jaribio, ataacha kuiamini kadi (hili wengi hulisahau). Yote yakiwa sawa, ndipo ukague postisubikulumu, sehemu ya ubongo. Taarifa za gamba la macho (eneo la ubongo la kuona) hupitia huko, na ikijeruhiwa, seli za mwelekeo za thalamasi (sehemu nyingine, katikati ya ubongo) huendelea kuonyesha mwelekeo lakini kadi haiziongozi vizuri.