Maswali yenu kuhusu vyuo vikubwa vya Marekani: nafasi, ada na viza

Safari hii inbox imejaa wanafunzi na wazazi wanaouliza kuhusu vyuo vigumu vya Marekani, nimechagua maswali machache nikayafupisha.

Nimemaliza kidato cha sita, nimepata Division One ya pointi 3, PCM (fizikia, kemia na hisabati), niko Mwanza. Harvard watanichukua?

Hongera sana mdogo wangu, pointi 3 si mchezo. Ila nikwambie ukweli, matokeo hayo yanakuingiza kwenye foleni tu. Mwaka 2024 Harvard walipata maombi 54,008 wakachukua watu 1,937, na humo Wamarekani wenyewe wamo, na wengi waliokataliwa nao walikuwa na A tupu kama wewe. MIT ndo kabisa, wanaotoka nje ya Marekani ni kama mmoja kati ya kumi pale chuoni, na kwa kila waombaji 100 wa nje hawafiki hata 3 wanaopata. Kwa hiyo usiombe chuo kimoja ukakaa unasubiri simu. Common App, ule mfumo wa kujaza fomu moja ukatuma vyuo vingi, unaruhusu hadi vyuo 20, weka hata 8, viwili vitatu vya ndoto na vingine vidogo ambavyo hapa mtaani hakuna anayevijua lakini vina hela. Na huku nyumbani omba pia, usiache dirisha la maombi la UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) likafungwa. Halafu soma swali la viza huko chini, linakuhusu.

Nikiandika sina hela si wataninyima nafasi? Kaka ananishauri niseme tuna uwezo, nikishachaguliwa ndo niombe msaada. (Mombasa)

Usithubutu! Hili ndo linalowakosesha watoto wengi kuliko hata marks, yaani mtu anachaguliwa halafu anakuta bili ya zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, nani nyumbani anayo hiyo?

Iko hivi. Kuna vyuo ambavyo wakati wa kukuchagua hawaangalii kabisa kama unaweza kulipa, hata kama wewe ni mgeni, na wakishakuchagua wanafidia chote ambacho familia haiwezi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wako hivyo siku nyingi, Dartmouth na Bowdoin walitangaza 2022, na Brown wameanza na wanafunzi walioingia 2025. Hapo kusema huna hela hakukupunguzii kitu, sema kila kitu. Kundi la pili ni kama Stanford, wakikuchukua wanakulipia unachopungukiwa, lakini ukiwa mgeni unayehitaji msaada hilo linahesabiwa wakati wa kuchagua, ndo maana kaka yako anaogopa, namuelewa. Ila Stanford hao hao mgeni ambaye hakuomba msaada kwenye aplikesheni kwa kawaida hapewi tena miaka yote minne, sasa ule ujanja utakuwa umekusaidia nini? Kundi la tatu ni vyuo vingi vya serikali, majina makubwa lakini mgeni wa digrii ya kwanza hapati karibu chochote, hivyo kama mzazi hana mamilioni usivipotezee muda.

Fomu ya kipato inayotumika na vyuo vingi ni CSS Profile. Mama anauza samaki hana payslip? Haina shida, andikeni makadirio ya kweli ya kipato chake kwa mwaka na barua ya kueleza biashara ilivyo, mwezi mzuri anapata ngapi na kusi likivuma anapata ngapi.

SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ni lazima? (Arusha)

Kwa vyuo vingi vya juu kabisa, siku hizi ndiyo, ila si vyote. Wakati wa korona wengi waliiondoa, MIT wakairudisha 2022, kisha 2024 wakafuata Dartmouth, Harvard na Brown. Inafanywa kwenye kompyuta, inazidi dola 100 ukiwa nje ya Marekani, na mazoezi ya bure yako kwenye websaiti ya Khan Academy na kwenye Bluebook, app ya mtihani wenyewe. Usilipe twisheni kabla hujamaliza hayo.

Shule yetu ya kata haina klabu wala debate. Nitajaza nini kwenye shughuli za nje ya darasa?

Unarudi kufanya nini jioni? Ukipika, ukachota maji, ukamsimamia mdogo wako homework, kwenye Common App kuna kipengele kabisa cha majukumu ya familia, jaza hapo na uweke masaa kwa wiki. Duka la baba unalouza wikiendi ni kazi, andika.

Nachohofia zaidi kwa shule kama yako ni barua ya mwalimu ya kukupendekeza. Nimeziona nyingi, mistari mitatu: "Mwanafunzi huyu ana nidhamu, ni mtiifu, namtakia kila la kheri." Barua hiyo haimwambii mtu kitu. Mfuate mwalimu wako staff room mapema, mkumbushe ile siku ulivyobishana naye swali la fizikia ubaoni na wewe ndo ukawa sahihi, muombe aandike hiyo. Halafu hakikisha link ya kutuma barua hiyo imeingia kwenye imeili anayoifungua kweli, mnunulie bando, kaa naye mpaka abonyeze submit.

Ajenti anataka shilingi 180,000, anasema ana mtu wake Princeton. (Mama, Nakuru)

Mama, usitoe hata shilingi. Hakuna ajenti anayeuza nafasi Princeton, na wakigundua insha ya maombi aliandika mtu mwingine wanafuta nafasi hata kama barua ilishatoka. Ada ya kuomba yenyewe kwa vyuo vingi vikubwa ni kama dola 75 hadi 90 kwa chuo, na mwenye shida anaomba asamehewe. Ushauri bure upo EducationUSA, ofisi za ushauri za serikali ya Marekani, na kwa Kenya kuna KenSAP, wanasaidia vijana wenye akili wasio na uwezo tangu 2004.

Nikipata chuo, viza nitapata? (Dar)

Hapa pagumu na inaniuma kuandika. Kwa amri za rais wa Marekani, viza za F za wanafunzi zilisimamishwa kwa raia wa Burundi tangu Juni 2025, na kwa Watanzania tangu Januari 1, 2026. Mwenye viza hai ya zamani haiguswi, na mwenye uraia wa nchi nyingine isiyo kwenye orodha anaweza kuomba viza kwa pasi ya nchi hiyo. Orodha hizi zinabadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa dola 350 za SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) na 185 za viza fungua websaiti ya ubalozi usome siku hiyo hiyo. Ukishachaguliwa na viza bado imefungwa, waandikie chuo haraka uulize kama wanaweza kukushikia nafasi na ule msaada wa ada hadi mwaka unaofuata, na upate jibu lao kwa maandishi kabla hujakubali chochote.