Maswali ya Wasomaji: Kwa Miguu Kwenye Barabara ya Pwani ya Antrim

SWALI: Mimi na kaka yangu tunaishi Leicester. Mwezi Mei tunataka kutembea kutoka Larne, Ireland ya Kaskazini, hadi kwenye nguzo za mawe za Giant's Causeway, tukifuata barabara ya zamani ya pwani. Tutenge siku ngapi? Na barabara yenyewe inampa nafasi mtembea kwa miguu?

JIBU: Tengeni siku sita kwa kilomita zipatazo 90. Lakini msiape kuikanyaga kila hatua ya lami, kwa sababu barabara hii haikujengwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu.

Mhandisi William Bald, Mskoti, aliisimamia kati ya mwaka 1832 na 1842. Badala ya kuipandisha milimani, aliilipua miamba kwa baruti ikaangukia ufukweni, kisha akajenga juu ya kifusi hicho. Ndiyo maana mnapita chini kabisa, bahari kulia na jabali kushoto, na sehemu nyingi hazina njia ya miguu. Tembeeni upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwenziwe, mkiyakabili magari. Kona kali inapopinda kulia, dereva anayekuja hawaoni: vukeni mapema kwenda kushoto, mkishaipita mrudi. Vaeni vizibao vya riflekta hata mchana.

Jabali lenyewe pia huleta taabu. Juu kuna basalti, chini yake chokaa nyeupe, na chini zaidi udongo wa mfinyanzi. Mvua hupenya tabaka za juu, ikifika kwenye udongo hukwama, udongo unalainika na mteremko unashuka pamoja na mawe yake. Baada ya mvua ya siku kadhaa, ulizeni kama barabara imefungwa kabla ya kuondoka, na msipumzike chini ya mteremko.

Siku ya kwanza nendeni Larne hadi Glenarm, kama kilomita 19, au mkiwa na nguvu mfike Carnlough, tano zaidi. Siku ya pili mnazunguka rasi ya Garron Point hadi Waterfoot na Cushendall, kama kilomita 15 kutoka Carnlough. Hapa ndipo tungepanda basi bila kusita, kukiwa na ukungu au upepo mkali wa baharini. Jumapili mabasi ni machache, kwa hiyo msiipange siku hii Jumapili. Siku ya tatu ni fupi, Cushendall hadi Cushendun. Ifanyeni ya kupumzisha miguu, maana ya nne ndiyo ngumu kuliko zote: barabara nyembamba ya Torr hupanda na kushuka kwa ukali kwa zaidi ya kilomita 20 hadi Ballycastle. Nunueni chakula na jazeni maji Cushendun, lita mbili kila mmoja, kwani njiani hakuna duka la kutegemea. Kukiwa kweupe, kutoka Torr Head mtaiona Scotland ng'ambo ya mkondo wa kilomita 20 tu.

Siku ya tano mnaishia Ballintoy. Daraja la kamba la Carrick-a-Rede liko karibu. Tiketi ikateni mapema. Siku ya sita mnaiacha lami na kufuata ufuko na kilele cha majabali. Yeyote aliyelelewa pwani ataelewa tahadhari hii: maji yakijaa, miisho yote miwili ya ghuba ya White Park Bay haipitiki, na siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, hali ni mbaya zaidi. Someni jedwali la maji, mpite ndani ya saa mbili kabla au baada ya kupwa. Mei jua huchomoza kama saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku, hivyo mnaweza kuyasubiri.

Ramani: za Ordnance Survey za Ireland ya Kaskazini, kipimo cha 1:50,000, namba 9 na namba 5.

SWALI: Nivae buti za mlimani? Na naweza kupiga hema popote?

JIBU: Buti ngumu kwenye lami humenya visigino. Chukua viatu vyepesi vya kutembelea vyenye soli nene, vikubwa kwa nusu namba, kwa kuwa miguu huvimba, pamoja na soksi za sufu jozi tatu. Shanta isizidi kilo 8 ukilala nyumba za wageni. Hema huhitaji ruhusa ya mwenye shamba. Siku za gulio la Lammas Fair, Jumatatu na Jumanne za mwisho wa Agosti, vyumba vya Ballycastle hujaa.

SWALI: Nina pasi ya Tanzania. Nikishukia Dublin, viza moja inatosha?

JIBU: Hapana. Antrim, kaunti ya Ireland ya Kaskazini, iko chini ya Uingereza, Dublin ni Jamhuri ya Ireland; unahitaji viza za nchi zote mbili, na ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya, haisaidii popote kati ya hizo. Mpakani hutaona kizuizi, ila sheria iko palepale. Ukirudi kupitia Dublin, viza ya Ireland iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani kwenda kaskazini kunahesabika kuwa umetoka nchini. Rahisi zaidi ni kuruka hadi Belfast kupitia London kwa viza ya Uingereza peke yake, kisha treni ya kama saa moja hadi Larne.