Jibu: Kopo la kunasia mvuke wa oili kwa Prado ya dizeli

Ndugu, umeuliza kama ununue kopo la bei nafuu, uchomelewe na fundi wa Nyakato, Mwanza, au ujikaze ununue la bei kubwa. Kinachotofautisha makopo haya kimo ndani yake. Mvuke unaotoka kwenye injini hubeba matone madogo mno ya oili, na ili yanaswe ni lazima hewa igonge vizuizi au ipite kwenye kichujio. Kopo tupu, hata ling'ae namna gani, huruhusu matone mengi yapite hadi kwenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) na menifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), ambako huchanganyika na masizi ya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) na kuwa utando mzito mweusi. Kwa hiyo fungua kifuniko kabla ya kulipa.

La kuchomelea linafaa endapo fundi ataweka vibamba ndani na kutumia mipira inayostahimili oili, siyo ya maji, ambayo hulainika na kunywea. Stili waya ya kusugulia masufuria asiiweke kabisa, kwa sababu nyuzi zake hukatika na zinaweza kuvutwa hadi kwenye injini.

Kwenye la bei kubwa unalipia hasa kichujio kinachobadilishwa, na kwa baadhi yake vali ya kupunguza shinikizo kichujio kinapoziba, maana shinikizo likikosa njia husukuma oili kwenye sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje.

Kwa mizunguko ya Igoma na mjini, ningechukua la bei nafuu lenye vizuizi. Ukikuta uchafu mweupe kama maziwa, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi. Umwage kwenye dumu la oili chafu, siyo mtaroni, kwani mitaro yetu huishia ziwani.